Mzigo wa Kurudi

Muuza mabegi humwonyesha mteja mzigo wa kwenda. Begi limeshindiliwa magazeti likavimba, limetundikwa juu ya mlango wa kibanda, na mnunuzi anaanza kupanga kichwani: hapa blanketi, hapa sufuria, hapa tochi. Hesabu hiyo inamfaa anayepanda Mlima Elgon, kwa kuwa mpanda mlima hula chakula chake siku baada ya siku na begi humpungukia kadiri anavyokaribia nyumbani. Kwa mwindaji mambo ni kinyume. Alfajiri anatoka na kilo 10 za maji, kisu, kamba na koti la mvua. Mchana anatembea, anainama, anatambaa. Akibahatika, basi ni pale miguu imeshalegea ndipo anapoongezewa kilo 20 au 30 za nyama, na kambi iko mbali. Dume la swala pala lina kilo 50 hadi 70 na ushee akiwa hai. Akishatolewa matumbo, kichwa na ngozi, hubaki zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo, na mfupa ukiwa ndani. Shanta la mwindaji linunuliwe kwa hesabu ya hiyo safari ya pili.

Ila kwanza tukubaliane tunawinda wapi, maana kwa mtu wa Masafu, upande wa Uganda wa Busia, hilo si swali dogo. Ukisimama kwenye barabara ya kwenda Lumino ukatazama huku na huku utaona mihogo, mahindi, mikaratusi na paa za mabati. Pori la wazee limeshalimwa. Kilichobaki ni vipande vya msitu kama West Bugwe na Busitema, ambako nyani hukaa kando ya barabara kuu ya Tororo wakingoja maganda ya ndizi kutoka madirishani mwa mabasi, na hiyo ni misitu ya hifadhi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wakabaki ndege kama kanga na kwale kwa wenye leseni. Uganda nayo ilifunga mwaka 1979, ikafungua tena kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, baadaye katika maeneo mengine, Karamoja ikiwemo. Huko unakwenda kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, kwa mgawo wa wanyama uliokwisha kupangwa, pamoja na kampuni yenye eneo na askari wa wanyamapori anayehesabu. Sheria ya mwaka 2019 haina mzaha: kwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania ya mbali, huko uwindaji upo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo, na una vibali vyake. Begi zuri halihalalishi nyama.

Na asiyewinda asiruke sura hii. Mpima ardhi, askari wa misitu, mhudumu wa afya anayebeba mashine ya kupulizia dawa kijiji hadi kijiji, wote wanabeba mzigo mzito, mgumu, usio na umbo la begi. Shida yao ni ile ile ya paja la mnyama.

Zamani shanta la mwindaji lilikuwa mtu. Mscotland W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na ambaye jina la utani la Karamojo lilimganda hadi kufa, alianzia safari zake za tembo Mumias, mwendo wa chini ya siku moja kwa gari la leo kutoka Masafu, hata ukisimama kula njiani. Wakati ule, mwanzoni mwa karne ya 20, Mumias ilikuwa kituo cha mwisho cha biashara. Mbele yake ulikuwepo Mlima Elgon, kisha Karamoja yenye pembe. Kitabu chake cha mwaka 1923 kilimfanya maarufu kwa bunduki zake za risasi nyembamba, na wasomaji wa Ulaya hadi leo hubishana kuhusu risasi hizo. Hawabishani kuhusu waliobeba. Lakini tembo akianguka kazi ya bunduki imekwisha, na kazi yenyewe ndiyo inaanza. Pembe moja ya dume kubwa hupita kilo 30, ni laini, haina pa kushikia, na ina mpindo unaoisukuma kuzunguka begani kila hatua. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya kutoka pwani ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya hapo mtu alibeba mkeka wake, chakula chake na sufuria yake. Wapagazi hao walitoka pwani, Unyamwezi, Buganda, na nchi hizi zetu ambazo njia ya Mumias kwenda Busoga ilizikatiza. Majina ya wawindaji yamechapishwa kwenye majalada ya vitabu. Majina ya waliofikisha pembe sokoni hayapo, na ukitaka kujua jinsi ya kubeba kitu kizito kwa umbali mrefu, wao ndio waliokuwa na la kusema.

Elimu yao haikupotea yote. Iko kila siku ya soko, juu ya vichwa vya akina mama wanaovuka Busia na mafungu ya dagaa na mahindi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Norman Heglund, uliowapima wanawake wa Kiluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso. Walitembezwa juu ya mashine huku hewa wanayovuta ikipimwa. Hadi mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu zaidi ya waliyotumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: mwili wao hupanda na kushuka kwa mpangilio unaorudisha nguvu ya hatua moja ndani ya hatua inayofuata, na mzigo unaunoa mpangilio huo badala ya kuuvuruga. Utafiti mwingine wa baadaye uliofanywa Afrika Kusini haukuona faida hiyo kwa kila mtu. Wengine walichoka kichwani kama wangechoka mgongoni. Mimi naamini zote mbili. Mama aliyebeba mtungi tangu akiwa na miaka saba ana shingo ambayo kijana wa miaka thelathini hawezi kuinunua dukani.

Ila angalia kitu kimoja ambacho njia zile mbili zinafanana. Ngata ya kichwani na ukanda wa paji la uso vyote vinaupeleka uzito kwenye nguzo ya mifupa, kutoka fuvu kwenda uti wa mgongo hadi nyonga. Mabega hayahusiki. Bega ni kiungo cha kurusha na kuvuta; ukiliwekea kilo 30 kwa saa tatu, mishipa inabanwa, vidole vinakufa ganzi, na mtu mwenye vidole vya ganzi hafai kushika kisu wala bunduki.

Wazungu walichelewa kidogo kulielewa hili. Lloyd Nelson wa Marekani aliona Alaska begi la wenyeji lililotengenezwa kwa ngozi ya sili na vijiti, akalifikiria upya, na mwaka 1924 akapata hataza ya ubao wa mgongoni wenye mfuko unaoweza kuvuliwa. Wategaji na wawindaji waliupenda kwa sababu mfuko ukitoka, ubao unabaki, na juu ya ubao unafunga chochote: paja, sanduku, mashine. Kisha akaja Dick Kelty wa California. Inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake, wakiwa milimani, walichomeka ncha za fremu zao kwenye mifuko ya nyuma ya suruali na ghafla mabega yakapumua. Mwaka 1952 akaanza kuuza fremu za alumini zenye mkanda wa kiunoni, mkewe akishona mifuko nyumbani. Tangu hapo wamebadilisha vitambaa na kuificha fremu ndani ya begi, na bei imepanda mno, lakini wazo ni lile la ncha za fremu mfukoni mwa suruali.

Kwa hiyo mambo mawili hayana mjadala: fremu ngumu, na mkanda wa kiunoni unaobeba kweli. Mengine yote yanaweza kupatanwa na mfuko wako.

Wengi wetu hatutanunua jipya. Tutanunua mtumba, iwe Busia, Owino kule Kampala au Gikomba kule Nairobi, na hilo si jambo la kuonea haya, kwani mara nyingi begi la miaka kumi lililovaliwa mara tatu na mtalii wa Ujerumani linalishinda begi jipya la nembo ya kughushi lililofika kontena kwa kontena. Robota linapofunguliwa mabegi ya shule ndiyo mengi. La safari hutokea moja moja, na mwenye kibanda analijua. Atakuambia, "Kastoma, hii ni kamera, haijaguswa," yaani ya daraja la kwanza. Usibishane. Sema, "Sawa mama, acha nilishike kidogo," kisha ukae chini nalo.

Ingiza mkono hadi chini kabisa na usugue kitambaa cha ndani kwa kidole gumba. Mabegi mengi yamepakwa plastiki nyembamba upande wa ndani ili maji yasipite, na mpako huo huoza kwa joto na unyevu hata kama begi halikutumika. Ukiwa mzima, kidole kinateleza kikavu. Ukianza kuoza unanata kama sukari iliyolowa, na una harufu ya uchungu ambayo watu huichukulia kuwa ya dawa ya robota. Baadaye unamenyuka maganda meupe yanayoingia kwenye kila kitu, nyama ikiwemo. Begi la namna hiyo lirudishe kwa heshima hata likiwa la bure. Ukungu wa kawaida huoshwa kwa sabuni na jua, huu hauoshwi.

Kisha tafuta fremu. Bonyeza mgongo wa begi kutoka nje: unatakiwa kuhisi vyuma viwili vya alumini vilivyosimama, au karatasi ngumu ya plastiki, au vyote. Mara nyingi vyuma vimeng'olewa zamani na begi limebaki na mifereji mitupu. Hili bado linafaa. Fundi wa madirisha ya alumini atakukatia vipande viwili, avilainishe ncha, na wewe utavipinda taratibu juu ya goti hadi vifuate mpindo wa mgongo wako. Ikiwa hakuna hata mifereji, hilo ni begi la kwenda chuo.

Mkanda wa kiunoni uushike kwa mikono miwili na uupinde kama unataka kuuvunja. Sponji nzuri hukataa na kurudi. Sponji iliyokufa hubaki imekunjamana, na ndiyo itakayokata ngozi juu ya nyonga. Angalia pia mkanda umeshikiliwa na nini: ukiwa umeshonwa kwenye kitambaa tu, utavuta kitambaa, ukiwa umeshikana na fremu, uzito utashuka. Mishono ya mabegani ijaribiwe kwa kuivuta. Zipu ni hadithi ya fundi, na klipu pia. Nchi hii ina mafundi viatu wanaoshona turubai la lori, watakushonea.

Kipimo cha urefu ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kinachowatesa wafupi na warefu. Inamisha kichwa: nyuma ya shingo kuna kifundo kinachotokeza. Weka mikono kiunoni, vidole gumba nyuma, juu ya mfupa wa nyonga. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka kile kifundo hadi usawa wa vidole gumba. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 40 na 55, na urefu wa mtu peke yake hausemi yote; kuna vijana wa futi sita wenye miguu mirefu na mgongo mfupi. Umbali kati ya mikanda ya mabega na mkanda wa kiuno ufuate namba hiyo. Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda unakalia makalio na uzito wote unarudi mabegani. Likiwa fupi, mkanda unabana tumbo na huwezi kupumua ukipanda.

Sasa rangi, na hapa vitabu vya Marekani vitakuponza. Kule shanta la mwindaji huuzwa likiwa na mabaka ya majani na matawi, na wenzetu huko huyaona ni ya kawaida kabisa. Huku kwetu raia mwenye mabaka yanayofanana na ya jeshi anajitafutia usiku wa kituoni. Sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na mavazi na vifaa vya kijeshi, na mwaka 2019 orodha ilitangazwa upya hadi kofia nyekundu zikaingia. Kenya hawako mbali. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, maelezo yako kuhusu swala hayatasikilizwa mbele ya begi la mabaka.

Basi ununue la buluu? Hapana, na sababu iko Tororo. Sukulu, nje kidogo ya mji, ndiko yalikokuwa makao ya shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, kwa sababu ukanda huu uliumia: mlipuko ulioanza Busoga na pwani ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita uliua zaidi ya watu 200,000. Watafiti wa mbung'o, huku na kwingineko, waligundua kwamba nzi huyo huvutwa na buluu na nyeusi, hasa kitu kikubwa chenye giza kinachosogea. Ile mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi inayotundikwa vichakani imetengenezwa kwa elimu hiyo. Mtu aliyevaa shanta kubwa la buluu iliyoiva ni mtego unaotembea, ila hauna dawa. Chagua kaki, kahawia au kijani kilichofifia kisicho na mabaka. Wanyama wengi wa kuwindwa hawajali sana rangi. Wanajali kutikisika na harufu, na kitambaa kinachokwaruza kwenye miiba huwafukuza kuliko rangi yoyote.

Ukubwa usikusumbue. Kwa kutoka asubuhi na kurudi jioni lita 40 zinatosha, kwa siku kadhaa lita 65 hivi. Linalohitajika zaidi ni nafasi kati ya mfuko na fremu, mahali ambapo mfuko unaweza kulegezwa, paja likaingizwa, kisha mikanda ikakazwa. Hapo nyama inakaa karibu na mgongo na juu ya kiuno, na nguo zako hazilowi damu. Mtumba wenye nafasi hiyo ni nadra sana. Fremu tupu ya nje ya mtindo wa Kelty inafanya kazi hiyo hiyo, na kwa kuwa imepitwa na fasheni, bei yake huwa ya kuchekesha.

Nyama isiwekwe kwenye plastiki. Kwa joto letu hubadilika harufu kabla hujafika gari. Shona mifuko ya marekani, kitambaa kile kile ambacho misafara ilikitumia kama pesa, iwe mirefu kama foronya na yenye kamba mdomoni. Marekani inapumua, inazuia nzi, na inachemshwa jikoni ikawa safi. Kufunika mzigo usinyeshewe ni suala jingine. Upande wa Uganda watu hupanga nguo ndani ya kaveera, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 4. Kipande cha turubai jepesi kilichoshonwa kwa lastiki kinatosha pande zote mbili.

Likishanunuliwa, lijaribiwe kabla ya pori. Tia kilo 20 za mahindi kwenye gunia, ulifunge mahali pa nyama, uende Mwamba wa Tororo. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, njia ni kali, na karibu na juu kuna ngazi za chuma zitakazokuonyesha kama begi linakuvuta nyuma. Kaza kwanza mkanda wa kiuno ukiwa umeinama kidogo, ndipo mabega, ndipo vile vikanda vidogo vya juu vinavyovuta begi kukaribia shingo. Kila robo saa pitisha kidole chini ya mkanda wa bega. Kikipita kwa urahisi, kiuno kinafanya kazi. Kisipopita, simama, legeza yote, uanze upya. Kushuka ndiko kunakosema ukweli, kwa hiyo usiyaache mahindi kileleni.

Utakapofika porini, kuwa na kikomo kabla ya kupiga risasi. Mtu wa kilo 70 mwenye kilo 14 yuko kwenye ile asilimia 20 ya akina mama wa utafiti. Kwa kilo 30 yuko mbali sana nao, naye hakuanza mazoezi akiwa na miaka saba. Kilimanjaro wapagazi, ambao ndiyo kazi yao, wamewekewa kikomo cha kilo 20. Ukiwa na zaidi ya hapo gawanya, lipa vijana wa kijiji cha jirani kwa bei mliyopatana asubuhi, au rudi mara ya pili. Safari ya kwanza ichukue mapaja na kibali, kwa kuwa askari atakayekutana nawe njiani ataviomba pamoja. Mbavu na shingo zining'inizwe kivulini ndani ya marekani, juu kuliko mkono unavyofika, na mwenzako abaki nazo.